Ufundi wa Kulituliza Gari

Ukitoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro ukateremka kuelekea Olduvai na lango la Naabi, lami umeshaiacha nyuma. Mbele yako ni changarawe iliyojikunja vituta vidogo vidogo, kimoja kimefuata kingine, mpaka macho yanapoishia. Magari ya safari ya kaskazini mwa Tanzania hupimwa hapo kila siku. Matangazo ya magari hupenda kutuonyesha jabali linalopandwa na mto unaovukwa, lakini barabara hii haina cha jabali wala mto. Ina mtetemo tu, kilomita kwa kilomita, na mtetemo huo ndio unaolegeza nati, kukata vishikio vya shokapu, kutoboa tangi la mafuta, na kumfanya mgeni mwenye umri mkubwa ashuke Naabi akiwa hana hamu hata ya kumtazama simba.

Ninaandika kuusifu ufundi ambao kazi yake ni kuuzima mtetemo huo. Vijiweni tunabishania injini: ipi ina nguvu, ipi haisumbui, ipi inakunywa sana dizeli. Springi, shokapu na bushi hutajwa siku zinapovunjika. Mimi naziweka mbele ya injini. Gari lenye injini dhaifu litafika kwa kuchelewa. Lenye nguvu zote na springi mbaya litafika na watu waliovurugika, mizigo iliyopondeka, na dereva mwenye mikono iliyokufa ganzi.

Vile vituta wengi wetu tunavilaumu kwa malori, au kwa wakandarasi waliolipua kazi. Asili yake ni ya ndani zaidi. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga. Vituta vilijitokeza hata pale gurudumu lilipokuwa halina springi yoyote. Chini ya mwendo fulani mchanga ulibaki tambarare. Mwendo ulipopita kiwango hicho, gurudumu lilianza kurukaruka na kuchonga mawimbi. Kwa barabara ya kweli, mwendo huo salama ni wa polepole mno, hakuna dereva mwenye safari atakayeuvumilia. Ndiyo maana greda likipita leo, baada ya muda si mrefu vituta vimerudi. Maadamu kuna changarawe na magurudumu yanayokimbia, vituta vitakuwapo, na mzigo wa kumlinda abiria unaliangukia gari.

Madereva wa njia hiyo wanajua kuna namna mbili za kuipita. Ya kwanza ni kutambaa. Ya pili ni kukimbia, karibu kilomita 80 kwa saa, ili tairi ziguse vilele tu na zisipate muda wa kuzama mabondeni. Ukifika mwendo huo gari hunyamaza ghafla, vioo huacha kulia, na abiria hushusha pumzi. Ila dereva anajua kilichotokea chini: tairi ziko hewani sehemu kubwa ya wakati, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala haifuati usukani. Kona ikitokea, gari linaendelea kule lilikokuwa likienda. Raha ya abiria na utii wa gari vimeachana hapo, na ufundi ninaousifu ni wa kuvirudisha pamoja: springi laini kiasi cha kuliacha gurudumu lifuate ardhi, shokapu imara kiasi cha kulizuia lisiruke, na uzito wa chini ya gari usiwe mkubwa kupita kiasi.

Mwili wa binadamu nao una masharti yake. Mtu aliyeketi akitikiswa wima mara 4 hadi 8 kwa sekunde, tumbo na kiwiliwili chake hutikisika kuliko kiti chenyewe. Ndiyo mitikisiko inayochosha na kuumiza mgongo. Mitikisiko ya polepole sana, kama ya mara moja kila sekunde tano, huleta kichefuchefu cha baharini. Katikati kuna nafasi nyembamba: bodi la gari linalopanda na kushuka mara moja au moja na nusu hivi kwa sekunde huonekana kwetu limetulia. Anayebuni springi anafanya kazi ndani ya nafasi hiyo nyembamba, na adui yake mkubwa kuliko shimo lolote ni mzigo usiotabirika. Springi ileile inayotulia na watu wanane na magodoro yao itarusha mateke ikiwa na dereva peke yake.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani: jahazi tupu bila farumi huyumba na kwenda mrama, likipakiwa hutulia. Pikapu ya Land Cruiser, ile ndefu ya 79 yenye milimita 3180 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ina tabia hiyohiyo. Ikiwa tupu kwenye changarawe, sehemu ya nyuma hudunda na kuteleza pembeni kila inapokutana na vituta kwenye kona. Pakia mifuko kadhaa ya saruji, na gari lilelile linakuwa na adabu. Chuma cha nyuma kimepangwa kwa ajili ya mzigo, na bila mzigo hakipindi vya kutosha kufanya kazi yake.

Chuma hicho kina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1804 Obadiah Elliott wa Uingereza alipata hataza ya kufunga springi za mabapa kwenye magari ya farasi, na mpaka leo mpango ni uleule: vipande vya chuma vilivyopinda, virefu kwa vifupi, vimelaliana na kufungwa kwa bolti ya katikati. Uzuri wake ni kwamba springi hiyo inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inabeba gari na pia inaishika ekseli isiende mbele wala nyuma, bila kuhitaji mikono mingine ya chuma. Ubaya wake ni msuguano. Bapa likisugua bapa, kituta kidogo hakina nguvu ya kuyasogeza, kwa hiyo springi inakaa kama gogo na mtetemo unapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Shimo kubwa inalimeza vizuri. Kokoto ndizo zinazoishinda.

Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa na springi za namna hiyo mbele na nyuma. Toyota nao walianza hivyohivyo mwaka 1951. Kwa miaka mingi aliyepanda gari la porini alikubali kuteseka, akidhani mateso na uimara ni kitu kimoja. Aliyevunja imani hiyo alikuwa mhandisi Spen King na wenzake waliotengeneza Range Rover ya mwaka 1970. Walibaki na ekseli ngumu, zile za bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, lakini wakazikalisha juu ya koili ndefu na laini, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na nyuma wakaongeza kifaa cha kulinyanyua gari linapolemewa. Leo watu wanaikumbuka Range Rover kama gari la matajiri. Ile ya kwanza ilikuwa na sakafu unayoweza kuimwagia maji. Ulaini wake ulikuwa na kazi: gurudumu linaloshuka mpaka chini ya shimo ni gurudumu linaloendelea kusukuma na kufunga breki. Nalihesabu kuwa wazo bora kuliko yote katika historia ya magari haya.

Wazo hilo liliingia kwenye Land Rover ya kazi mwaka 1983, ilipotoka ile ya 110, na ndiyo iliyokuja kuitwa Defender mwaka 1990. Koili mbele, koili nyuma, na magurudumu yote manne yakisukuma muda wote. Huko Arusha, mji uliofanya tamasha zima la Land Rover mwaka 2024, bado utazikuta zikipanda kutoka Mto wa Mbu na wageni wanane. Ukikaa ndani utaona kasoro zake mara moja: kiwiko cha dereva kinagonga mlango, upepo unaingia usikopaswa kuingia, gari linahitaji uwanja kugeuka, na kelele ni nyingi. Lakini funga macho, usikilize mgongo wako. Gari hili linapita juu ya changarawe kwa mwendo mrefu, wa taratibu. Likiinama kwenye kona linainama pole pole, linakwambia kabla halijafika mwisho. Na kwa kuwa nguvu imegawanywa mbele na nyuma, nyuma yake haina haraka ya kutoka njiani.

Land Cruiser ya 70, ile hadtopu ambayo wengi Tanzania huiita mkonga kwa lile bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo, ilitoka mwaka 1984 ikiwa na mabapa pande zote. Mwaka 1999 Toyota waliiwekea koili mbele na kuacha mabapa nyuma, na nyuma kumebaki hivyo mpaka leo. Uamuzi huo ninauheshimu. Usukani ulipata utulivu, pua ikaacha kugonga, na uwezo wa kubeba haukuguswa. Ila dereva asisahau kwamba gari hili husukuma kwa nyuma tu mpaka yeye mwenyewe aunganishe magurudumu ya mbele. Wengi huyaacha mpaka wakwame kwenye tope. Kwenye changarawe iliyolegea unganisha mapema, kabla ya kona, na utashangaa lile gari la mateke lilivyonyooka. Ukifika lami, achanisha.

Kati ya haya mawili, kwa watu watano na mabegi yao, nachagua Land Rover ya koili bila kusita. Kwa mapipa ya mafuta, mbegu, mabati na watu kumi juu yake, kwenye njia isiyo na gereji, nachagua Land Cruiser. Kuhusu Defender mpya, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, ambayo kila gurudumu linajitegemea na linaweza kukalia mifuko ya hewa, raha yake inayashinda yote mawili kwa mbali na kwenye lami hakuna wa kushindana nayo. Ninaisifia hiyo kazi. Lakini mfuko wa hewa ukipasuka ng'ambo ya Engaruka, nyundo na waya havitakusaidia, na kwangu gari la porini ni lile ambalo fundi wa wilayani anaweza kulisimamisha tena. Vigari vifupi kama Suzuki Jimny ya milango mitatu, yenye milimita 2250 tu kati ya ekseli, hupita pembamba kwa ustadi wa ajabu, ila ufupi huo hukufanya unese kichwa safari nzima.

Huyo fundi wa wilayani ndiye ninayetaka kumfikia. Mtazame akiitengeneza springi iliyolala. Analikalisha gari juu ya magogo, anafungua yu-bolti, anaitoa springi nzima, na kuchomoa bolti ya katikati. Mabapa yanatawanyika sakafuni, lile refu kuliko yote likiwa na macho mawili ya kupokea bushi. Analisugua kila moja kwa brashi ya waya akitafuta ufa karibu na tundu la bolti, maana ndipo linapovunjikia. Yaliyo mazima anayapiga upya yakiwa baridi, juu ya fuawe, pigo moja na hatua ndogo, pigo moja na hatua ndogo, kutoka katikati kwenda ncha, mpaka tao lirudi. Kisha anayalaza mawili pamoja, anayainua mbele ya mlango na kutazama mwanga unaopita kati yake. Mwanga huo anautaka: bapa fupi lazima lipinde zaidi kidogo kuliko refu, ili yakifungwa yabanane. Ukikosekana, analirudisha kwenye fuawe. Anapaka grisi, anafunga, anabadilisha bushi zilizoliwa. Hakuna mashine iliyompa kipimo. Jicho na mkono vimempa, na gari likishuka kwenye magogo linasimama sawa kulia na kushoto.

Hapo mwenye gari huomba aongezewe bapa moja, au mawili, ili gari lisimame juu na lipendeze. Fundi mbovu anachukua pesa. Fundi mzuri anauliza, "Kaka, huko nyuma unabeba nini?" Swali hilo ndilo ufundi wenyewe. Bapa la nyongeza kwa gari linalotembea tupu ni adhabu kwa kila atakayelipanda, na gari lililonyanyuliwa kwa ajili ya sura tu linahamisha uzito wake juu, ambako kila kona italidai. Magari ya safari ya Arusha yanastahili umakini wa pekee kwa hili. Yamekatwa na kurefushwa chesisi, yamewekewa paa la kufunguka, na juu ya paa wengine hufunga mahema na kuni. Anayeyatengeneza vizuri huanza na springi na shokapu zinazolingana na uzito huo mpya, ndipo anapofikiria viti na rangi.

Shokapu nazo zina siri inayofaa kujulikana na kila dereva. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka kuwa joto. Kwenye vituta vya saa nzima, mafuta hayo hupata moto na kuchanganyika na hewa mpaka yakawa povu, na povu halizuii kitu. Gari lililoanza safari limetulia linamaliza likipepesuka. Kwa hiyo ukisimama njiani, pitisha mkono karibu na shokapu zote nne, bila kuzishika kwa pupa maana zinaunguza. Iliyo baridi wakati nyingine ni za moto ndiyo iliyokufa. Simama, ziache zipoe, kunywa maji. Punguza pia upepo wa tairi kidogo kabla ya changarawe, kwa kadiri mzigo unavyoruhusu, kwa sababu tairi ndiyo springi ya kwanza kugusa barabara. Ukirudi kwenye lami, jaza tena.

Ufundi unaobaki ni wa dereva. Mzuri utamjua kwa mguu wake: anapunguza mwendo kabla ya shimo na kuiachia breki gurudumu linapoingia, maana gari lililoinamisha pua kwa breki limeshaitumia springi yake ya mbele na halina pa kulipokelea shimo. Vidole gumba anaviweka nje ya usukani, kwa sababu jiwe likigonga gurudumu usukani unaweza kuzunguka ghafla na kuvivunja. Anashika bila kukaba. Gari linatafuta njia yake kidogo kulia, kidogo kushoto, naye analiacha litafute.

Haya yote mtu anaweza kuyaona kama mambo ya watalii na wapenda magari. Fikiri basi juu ya gari la wagonjwa. Sehemu kubwa ya ambulensi za vijijini kwetu ni Land Cruiser hadtopu, na kitanda cha mgonjwa kimelazwa nyuma, juu ya ekseli ile yenye mabapa yaliyopangwa kwa mzigo mkubwa. Ndani kuna mama mmoja mwenye uchungu, muuguzi na ndugu. Kwa springi zile gari hilo ni tupu. Mahali pa utulivu kuliko pote katika gari lolote ni katikati, baina ya ekseli mbili. Mahali pa mateso ni juu ya ekseli ya nyuma na ng'ambo yake, na hapo ndipo tunapomlaza. Muuguzi anashindwa kumtundikia dripu, dereva anapunguza mwendo kwa kumhurumia, na safari inayotakiwa kuwa fupi inakuwa ndefu. Nimewahi kukaa nyuma ya gari la namna hiyo, nikiwa mzima, na nilishuka nikiwa na maumivu ya kiuno.

Dawa yake haihitaji uvumbuzi. Mabapa machache na mepesi zaidi, au koili za nyuma ambazo soko la vipuri linazo kwa gari hilohilo, shokapu zinazolingana nazo, na kitanda kilichosogezwa mbele kadiri nafasi inavyoruhusu. Mafundi wa kuifanya kazi hiyo tunao mijini na wilayani.

Nawaomba basi wanaoagiza magari haya, wa halmashauri, wa hospitali na wa mashirika: kabla ya kusaini kupokea ambulensi, lala juu ya kile kitanda, mwambie dereva akupeleke mpaka zahanati ya mbali kuliko zote katika wilaya yako, na arudi nawe kwa mwendo wa mgonjwa mahututi. Baada ya hapo muite fundi springi.